Chupa Isiyozeeka

Kuna methali ambazo watu huzipenda kwa sababu zinawapa ruhusa ya kukaa. Subira huvuta heri, mtu husema, kisha hujinyoosha kitini na kukunja mikono. Lakini ipo nyingine, inayotajwa watu wakiwa wameuzunguka mchuzi unaotokota, kila mmoja akimeza mate, naye mpishi akisema bado kidogo: ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii haisemi kwamba kusubiri ni kosa. Inamkumbusha anayesubiri kwamba ana tumbo, na kwamba tumbo lina siku zake. Mzee Naftaly wa Nkubu aliijua tangu utotoni, na aliwahi kuwatania wengi kwayo. Hakujua kwamba siku moja ingekuja kumkalia yeye, tena sebuleni kwake, mbele ya nyumba iliyojaa wageni.

Naftaly alikuwa mwonjaji wa chai. Alifanya kazi hiyo tangu ujana wake hadi alipostaafu, katika kiwanda kilichoko juu, karibu na msitu. Kila asubuhi vibakuli vyeupe vilipangwa mbele yake kama watoto wa shule gwarideni, naye akapita kutoka kimoja hadi kingine na kijiko chake. Aliinama akanusa, akaivuta chai kinywani kwa mlio kama wa ndama anayenyonya, akaitema ndooni, kisha akasema. Angekuambia kama majani yalichumwa mvua ikinyesha, kama lori lililoyabeba lilikwama matopeni, kama mtu wa mashine alisinzia kazini. Na mtu wa mashine, akiulizwa, alikiri.

Alipostaafu, pua haikustaafu. Susan, mwenye hoteli pale sokoni, mama mnene mwenye maneno kuliko redio, alimwogopa kama watu wanavyowaogopa maofisa wa afya. Naftaly hakuwa na haja ya kunywa. Aliinua kikombe, akakirudisha mezani.

"Mama, maziwa haya yalilala jirani na kitunguu," alisema.

"Mzee, ukipita hapa uwe unafunga hiyo pua na leso," Susan alimjibu wateja wakisikia. "Unaniharibia biashara. Watu wengine wote wanakunywa na hawafi."

"Sikusema watakufa. Nimesema kitunguu."

Hoteli nzima ikacheka, naye Susan akacheka zaidi ya wote, akamletea kikombe kingine bila malipo. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Naftaly na mkewe Nkirote walijaliwa binti mmoja tu, Kagwiria. Huyu alisomea uuguzi, kisha akapata kazi ya kuwatunza wazee huko Japani. Huko ng'ambo ndiko alikokutana na Mugendi, kijana wa Kianjokoma, Embu. Watu hao wawili walizaliwa wakitazama mlima mmoja, kila mmoja kutoka upande wake, na ikabidi wavuke bahari ndipo waonane. Walipokuja nyumbani likizo ya kwanza wakiwa pamoja, walikuja ili mahari ipelekwe na mambo yawe ya heshima.

Siku moja kabla ya wazee kukutana, Mugendi alikuja na Kagwiria kumsalimia Naftaly. Alimletea chupa ndani ya sanduku la mbao jepesi, shingoni imefungwa kwa karatasi iliyofanana na kitambaa. Kilichokuwa ndani kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyoiva vizuri.

"Hii ni wiski, baba," Mugendi alisema, akiitoa kwa mikono miwili. "Ni ya kimea cha shayiri tupu. Hutengenezwa katika viwanda tofauti, kimoja mlimani, kingine karibu na bahari, halafu kila moja inalazwa kwenye mapipa yake kabla ya kuchanganywa. Hii iliingia pipani mwaka ambao Kagwiria aliingia kidato cha kwanza."

"Na ni nani aliyeamua zichanganywe hivi?" Naftaly aliuliza.

"Kuna mtu. Kazi yake ni kunusa. Anapita kwenye mapipa yote ananusa, anaonja, anatema, kisha anasema hili na lile yatakaa pamoja."

Naftaly akaipokea. Aliigeuza chupa kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga amwone usoni. Katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na mtu wa nchi nyingine anayekula kwa pua kama yeye.

"Kwa hivyo kule nina ndugu," alisema.

Kagwiria aliketi kwenye kigoda miguuni pa baba yake, kama alivyozoea tangu utotoni. "Baba, mimi sijaionja. Wenzangu kule wanainywa, wanasema maneno mengi. Nimekataa. Nimesema nitaionja na wewe, uniambie kilichomo. Kama ulivyokuwa ukinifundisha chai."

Maana alikuwa amemfundisha. Jumapili baada ya kanisa, Kagwiria akiwa mdogo, Naftaly alimfunga macho kwa leso, akampitishia vitu puani: jani la mchai, ganda la chungwa, ngozi ya Biblia mpya, mbao za mwerezi. Mtoto alikuwa na pua ya baba yake. Ila maneno hakuwa nayo. Alijua kitu ni kizuri, akashindwa kusema kina nini. "Maneno yatakuja," Naftaly alikuwa akimwambia. "Pua huzaliwa nayo. Maneno unapewa na mtu."

"Basi tuifungue sasa," alisema Nkirote kutoka mlangoni. "Kidogo tu. Mtu na mtoto wake."

Naftaly akatikisa kichwa. Kwa Wameru, mahari si ng'ombe peke yake. Lazima kuwe na asali, na asali ndiyo hufungua mdomo wa mazungumzo. Kabla haijapokewa, kitokacho mkononi mwa mkwe hakiliwi wala hakinywewi, kwa kuwa bado si mkwe, ni mpita njia. "Kesho wakileta asali, ikapokewa, tutaifungua mbele ya watu," alisema. "Wiski imesubiri pipani miaka yote hiyo. Itashindwa na usiku mmoja?"

Mugendi alitabasamu. "Haisubiri tena, baba. Ikishatoka pipani ikaingia chupani, haizeeki. Wanaozeeka ni sisi."

Walicheka wote. Lilikuwa neno la kuchekesha siku hiyo.

Kesho yake watu wa Embu walifika, wakiongozwa na Njoka, baba yake Mugendi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mzee wa kanisa aliyeokoka akiwa kijana, na tangu siku hiyo hakuwahi kutia kileo kinywani, hata dawa ya kikohozi aliuliza kwanza imetengenezwa na nini. Walileta blanketi la mama, walileta kondoo, na Njoka mwenyewe akaibeba asali, akaiweka mbele ya Naftaly na kuketi. Nyumba ilijaa hadi kibarazani. Majirani walikuwa wamekuja kwa wingi, wengine wamealikwa, wengine wamesikia harufu ya pilau.

Kaberia, aliyekuwa msemaji wa upande wa Naftaly, alifunua mtungi. Naftaly aliinama akanusa. Kisha akanusa tena.

"Hii imetiwa sukari," alisema.

Njoka aliutazama mtungi, kisha akaitazama mikono yake. "Niliinunua Mbeere kwa mtu ninayemwamini, muthoni," alisema polepole, akimwita mkwe kwa lugha ya kwao. "Kama kuna kilichoongezwa, sikijui."

"Sijasema unajua. Nimesema kuna sukari. Na bado hujawa muthoni wangu."

Neno hilo lilimwangukia Njoka kama jiwe majini. Halikufanya kelele, lakini kila mtu aliona mawimbi yake. Kaberia alimwinamia Naftaly sikioni. "Mzee, pokea tu. Ni ishara. Asali haitakula mtu." Nkirote, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema hapo, alikohoa kwa nguvu kutoka mlango wa jikoni, na kila aliyeoa alijua maana ya kikohozi kile.

Lakini Naftaly alikuwa ameishi kwa pua yake, na pua haikuwahi kumdanganya. Aliona kwamba akiidharau siku hiyo, itakuwa amejidharau mwenyewe. "Watarudi na asali ya kweli," alisema. "Binti yangu ni mmoja. Sitampeleka kwa sukari guru."

Watu wa Embu walikula kidogo, kwa adabu, wakaondoka. Susan alilibeba jambo lile hadi sokoni kabla pilau haijapoa. Asali njema ilitafutwa, lakini ule ulikuwa mwaka wa ukame. Nyuki wa Mbeere walikuwa wamehama mizinga. Likizo ikaisha. Kagwiria na Mugendi wakarudi Japani, na likizo nyingine ilikuwa mbali.

Pale uwanja wa ndege Kagwiria alimshika baba yake mkono. "Chupa utaniwekea, baba?"

"Itakungoja," Naftaly alisema. "Na mimi nitakungoja."

Aliiweka kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. Kila mara aliitoa, akaifuta vumbi, akaitazama juani, akairudisha. Nkirote akamwambia, "Ifungue. Unuse tu, uifunge. Mtoto akipiga simu umwambie kilichomo." Kaberia akamwambia, "Mzee, kifo hakipigi hodi." Naye Naftaly aliwajibu wote kwa neno moja: bado.

Kifo hakikuja. Kilichokuja ni homa.

Ilikuja mwezi wa Julai, ukungu ulipoteremka hadi kwenye migomba na watu wakavaa makoti ndani ya nyumba. Ilimlaza Naftaly kitandani, ikamtoa jasho, ikamwacha. Alipoamka alijisikia mwepesi, akamwomba Nkirote chai. Nkirote akamletea, yenye tangawizi, inayofuka mvuke. Naftaly akainywa, na kinywani ikawa maji ya moto matupu.

Alidhani ni mafua. Alingoja siku, akangoja wiki. Alikwenda hospitalini peke yake bila kumwambia mtu. Daktari, kijana mpole, alimwambia kwamba homa nyingine huondoka na kitu. Wakati mwingine hukirudisha, wakati mwingine hapana, na kwa umri wake asikae akitazamia sana. Naftaly alishukuru, akavaa kofia yake, akarudi nyumbani kwa miguu.

Asubuhi moja Nkirote aliingia jikoni akamkuta. Alikuwa amefungua kila kopo na kila chupa, akavipanga mezani kwa safu kama vibakuli vya kiwandani: kitunguu saumu, dhania, majani ya chai, sabuni ya kufulia, mafuta ya taa. Alikuwa akipita kutoka kimoja hadi kingine, akiinama. Alipofika kwenye mafuta ya taa alikaa nayo muda mrefu.

Nkirote alisogea mezani. Akaanza kuvirudishia vifuniko, kimoja kimoja. "Tangu lini?" alisema mwishowe.

"Tangu homa."

"Na Kagwiria?"

"Usimwambie. Anakuja na asali. Usimwambie."

Tangu siku hiyo Nkirote akawa pua ya nyumba. Maziwa yakiungua alisema kwa sauti, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Ah, maziwa yameungua," ili mumewe asiyanywe mbele ya watu. Naftaly naye akaacha kwenda hotelini kwa Susan. Susan akaeneza habari kwamba mzee amekuwa na maringo.

Hatimaye likizo ilifika. Kagwiria na Mugendi walikuja, na watu wa Kianjokoma wakaja nyuma yao. Nyumba ilijaa kupita mara ya kwanza, maana sokoni kote ilijulikana kwamba leo kuna asali ya kunuswa. Susan hakungoja mwaliko. Alikuja asubuhi na aproni yake, akaingia jikoni akaishika kazi kama nyumba ni yake.

Njoka aliibeba asali tena yeye mwenyewe. Alikuwa amepanda hadi kwa ndugu zake wa pembezoni mwa msitu, akasimama chini ya mzinga hadi ikashushwa akiona kwa macho yake. Aliiweka chini. Safari hii hakuketi.

Naftaly aliinama juu ya mtungi. Alikaa pale, pua yake juu ya asali, na ndani ya pua hiyo hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kuita jina la mtu katika nyumba iliyohamwa. Alimwona Njoka kwa pembe ya jicho, amesimama kama mshtakiwa.

"Hii ni asali," Naftaly alisema.

Vigelegele vilipasuka. Njoka akaketi, akajifuta uso. Mazungumzo yakaenda kama maji mteremkoni, na mchana ulipopinda Kaberia akasimama. "Sasa tumepata mkwe. Kuna chupa ambayo imekaa ndani ya nyumba hii ikitutesa macho. Mzee, leo hatutoki."

Naftaly aliifungua mwenyewe. Karatasi ilichanika kwa mlio mdogo, kizibo kikatoka, na waliokaa karibu wakasema "aaa" kwa pamoja, kama watu waliofunguliwa dirisha. Naftaly akasema "aaa" nyuma yao, akiwa amechelewa kidogo. Nkirote aliinamisha kichwa.

Wengi katika nyumba ile walikuwa wameokoka. Ili watu wote wanyanyue glasi kwa pamoja na asiwepo wa kuonekana ametengwa, Susan alikuwa amechemsha strungi, chai kavu isiyo na maziwa, akaiacha ipoe, akaimimina kwenye glasi ndogo zilezile. Wanywaji walipewa wiski, waliookoka wakapewa strungi, rangi moja. Aliwagawia watu wote, mwisho akaja mbele kwa wazee wawili, na sinia lenye glasi mbili.

"Moja yako, Mzee Naftaly, moja ya mkwe wako," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kibarazani. "Wewe ndiwe mwenye nyumba, umpe kwa mkono wako. Ipi ni ipi, sina haja ya kukuambia. Hiyo pua iliyonitesa miaka yote leo ifanye kazi."

Watu wakacheka. Naftaly akazitazama zile glasi. Zilikuwa mapacha. Aliinua moja, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akainua na ya pili. Chai aliijua kwa rangi kuliko watu wote chini ya mlima ule, lakini Susan alikuwa ameikoleza ikakolea. Angeweza kuuliza. Neno moja tu, "Susan, ya mkwe ni ipi?" Lakini nyumba nzima ilikuwa imemgeukia, na binti yake alikuwa ameketi mbele kabisa, kwenye kile kigoda, glasi yake mkononi, hajaionja, macho yanang'aa.

Naftaly alichagua. Akampa Njoka ya kulia, akabaki na ya kushoto.

"Tuambie kilichomo, baba," Kagwiria alisema.

Basi akawaambia. Aliinua glasi hadi puani, akafumba macho, na kwa sababu ndani hapakuwa na harufu yoyote, alikwenda kuitafuta nyuma, miaka ya nyuma. "Mwanzo kuna asali," alisema. "Asali ya maua ya msituni. Halafu lokwati iliyoiva, ile inayoanguka yenyewe. Nyuma yake kuna mbao, si mbao mpya, ni kama kabati la nyanya ukilifungua. Kuna ubani kidogo, kanisa likiwa limeshatoka watu. Na mwisho kabisa, mbali, kuna moshi. Si moshi wa kwetu. Ni moshi wa nyumba ya ng'ambo ya mto, jioni, ukijua kwamba kule pia kuna watu wanapika."

Hata Susan alikuwa amekaa chini. Maneno yale yalikuwa mazuri, na kila mtu mwenye glasi ya wiski aliinusa akaona kwamba, kwa kweli, ndivyo ilivyo.

"Basi tunyweni," alisema Kaberia.

Naftaly akanywa. Haikumchoma. Alingoja ule moto ambao hata mtu asiye na pua huusikia kooni, na haukuja. Badala yake, kwenye ulimi na kando ya fizi, ulimjia ukakasi, ule wa kukausha kinywa, aliokuwa ameuonja kila asubuhi ya maisha yake ya kazi. Alikuwa amekunywa strungi. Alikuwa amesimama mbele ya ukoo wake na ukoo wa mkwe wake, mwonjaji wa chai, akaisifu chai baridi kwa jina la wiski ya Japani.

Na kama yake ni chai, basi ya Njoka...

Alimgeukia Njoka. Njoka alikuwa ameimimina glasi yake yote kinywani kwa mara moja, kama watu wanavyomaliza strungi iliyopoa. Alikuwa wima kitini, hapumui. Mishipa ya shingo imesimama, macho yamejaa maji. Kando yake kulikuwa na bakuli la kunawia mikono. Angeweza kutema, na hakuna mlokole hata mmoja ambaye angemlaumu. Alitazamana na Naftaly. Aliitazama glasi ya Naftaly, kisha akamtazama tena usoni, na Naftaly akajua kwamba mtu huyu ameshaelewa yote.

Njoka akameza. Machozi yakamshuka mashavuni.

"Mwoneni mzee wa Kianjokoma," Susan alisema kwa huruma. "Analia kwa furaha."

"Mzee Njoka," Kaberia akauliza, "chai ya Nkubu umeionaje?"

Njoka alingoja koo lake limrudie. "Ina nguvu," alisema.

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Wageni walipoanza kutafuta viatu vyao, Naftaly alimchukua Njoka nyuma ya nyumba, kana kwamba anamwonyesha ng'ombe. Walisimama kando ya boma, wala hawakumtazama ng'ombe.

"Ulijua," Naftaly alisema.

"Ilipogusa ulimi."

"Mbona hukusema? Umevunja nadhiri yako mbele ya Mungu wako."

"Mungu na mimi tutazungumza, tumezoeana." Njoka aliishika fito ya boma. "Siku ile ya asali, muthoni, uso wangu ulianguka chini mbele ya watu na sikupata pa kuuokotea. Nilipoona wako unataka kuanguka, nilishindwa kuutazama."

Naftaly alitafuta maneno, yeye ambaye hakuwahi kuyakosa. "Asali yako ya leo sikuinusa. Siwezi. Nilisema tu."

"Basi nikuambie mimi. Ni nzuri."

"Na ile ya kwanza?"

Njoka aliiachia fito. "Ile ilikuwa na sukari. Nilimbana aliyeniuzia hadi akasema. Haki ulikuwa nayo. Wakati ndio hukuwa nao."

Wageni walipokwisha kuondoka, nyumba ilibaki na ule ukimya wa viti vilivyosogezwa ovyo. Kagwiria alikuja na glasi yake. Hakuwa amekunywa, alikuwa ameifunika kwa kisahani muda wote ule. Chupa ilikuwa tupu mezani. Wiki hiyo hiyo angerudi Japani, na sasa alikuwa na mume na nyumba yake huko.

Aliketi kwenye kigoda. "Uliyoyasema yalikuwa mazuri, baba. Lakini nilikuwa nikiitazama glasi yako. Ulipoitikisa, ilianguka kama maji. Yangu inateremka kwenye kioo taratibu, kama mafuta." Akainua macho. "Ulikuwa na strungi."

"Ndiyo."

"Hukusikia?"

"Sisikii harufu ya kitu, mwanangu. Tangu homa ya mwaka jana. Wewe mwenyewe sikusikii. Ulipofika safari hii ulinikumbatia pale uwanja wa ndege, sikusikia harufu ya nywele zako."

Kagwiria hakulia mara moja. Alikifunua kisahani, akainusa glasi kwa pua ile aliyopewa na baba yake, muda mrefu, macho yamefumbwa, kama zamani na leso. Kisha akanywa kidogo.

"Niambie kilichomo," Naftaly alisema.

"Kuna..." Akatafuta. Akainusa tena. "Ni tamu, lakini si tamu. Kuna kitu cha nyumbani. Kuna kitu kingine, baba, kinakuja mwisho, nakijua, nimewahi kukinusa nikiwa mdogo." Akaigeuza glasi mkononi. "Sina neno lake. Ulisema maneno yatakuja."

"Ni kama mbao? Kama ganda la chungwa likikauka jikoni?"

"Si hilo."

"Ni kama mvua ikianza kwenye vumbi?"

"Karibu. Si hilo."

Naftaly alimsogelea, akataja kitu kingine, na kingine, vyote alivyovijua, na binti yake akatikisa kichwa kila mara, akinywa tone kwa tone ili isiishe. Mwenye pua hakuwa na maneno, na mwenye maneno hakuwa na pua, na kati yao glasi ikawa inakauka. Nkirote aliwasikia kutoka jikoni, akaacha vyombo majini.

Tone la mwisho Kagwiria alimpa baba yake. Alilipokea kwa mikono miwili. Lilimchoma kooni kwa moto mdogo, mwema, likapita, lisimwachie jina. Akaiweka glasi kando ya ile chupa ambayo haikuzeeka hata siku moja kabatini mwake, na hapo ndipo ile methali aliyowatania watu nayo ilipomrudia yeye mwenyewe: ngoja ngoja huumiza matumbo.